Nati ikiangukia ndani ya injini: Dakika zinazoamua nani atamaliza Safari Rally

NAIVASHA ikifurika watu wakati wa Safari Rally, macho yote huwa mikondoni: vumbi la Kedong, mawe ya Sleeping Warrior, matope ya ghafla mvua ikimwagika Soysambu. Wachache hujali kinachoendelea kwenye kambi ya mafundi, ambako gari huingia likiwa hoi na mafundi kulivamia kama siafu. Lakini hata hapo rally hupotea, tena wakati mwingine kwa kitu kidogo kuliko ncha ya kidole.

Chukua nati ya kawaida tu, ile ya spana namba 10. Gari limesimama, boneti iko juu, plagi zimefunguliwa ili zibadilishwe. Saa inakimbia. Fundi amefunga nati tatu, anaishika ya nne kwa vidole vyenye jasho na oili, inamponyoka. Inagonga chuma mara moja, tii, kisha kimya. Anaangalia chini, haipo. Anaangalia kwenye kinga iliyo chini ya injini, haipo. Anarudisha macho juu na kuona tundu la plagi liko wazi, linamtazama.

Kila makanika, awe wa timu ya kiwanda au wa jua kali Kirinyaga Road, anaijua baridi inayompitia mtu mgongoni wakati huo. Kitakachofuata katika dakika chache kitaamua kama gari litaendelea na mbio au litapandishwa kwenye lori.

HESABU YA DAKIKA NA SEKUNDE

Kwenye mbio za dunia (WRC), gari halikai kwa mafundi mpaka wamalize kazi. Linapewa muda maalum: mfupi asubuhi kabla ya kutoka, nusu saa hivi au kidogo zaidi mchana, na kama robo tatu ya saa jioni. Muda ukiisha, gari linatakiwa liwe kwenye meza ya waweka saa. Likichelewa, kila dakika au sehemu yake inamgharimu dereva sekunde 10. Likichelewa kwa zaidi ya dakika 15 kwenye kituo kimoja, linahesabiwa kuwa limejiondoa.

Sasa weka sheria hiyo kando ya matokeo ya Safari tangu irudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021. Mwaka huo Sébastien Ogier alimshinda Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8. Angechelewa kwa mafundi dakika mbili, bado angeshinda. Ya tatu ingempokonya taji. Mwaka 2022 Kalle Rovanperä alimpiku Elfyn Evans kwa sekunde 52.8, yaani alikuwa na akiba ya dakika tano. Mwaka 2023 mambo yalikuwa ya kubana kweli kweli: Ogier alimaliza sekunde 6.7 tu mbele ya Rovanperä. Hapo dakika moja ya kuchelewa ingetosha kugeuza kila kitu. Mwaka 2024 Rovanperä aliachana na Katsuta kwa dakika 1 na sekunde 37.8, na 2025 Evans akamwacha Ott Tänak kwa dakika 1 na sekunde 9.9. Hao wangeweza kumudu dakika tisa na sita mtawalia.

Hakuna hata mmoja wao aliyeangushiwa nati. Hesabu hii inaonyesha tu kwamba dakika za kuchelewa zina bei, na bei hiyo inajulikana mapema. Katika rally tatu kati ya hizo tano, mshindi angeweza kutumia dakika tano nzima kuvua kitu kwenye injini na bado akanyanyua kombe.

Injini iliyovunjika je? Hiyo haina bei ya sekunde. Sheria za WRC zinataka bloku ya injini iliyokaguliwa kabla ya mbio iwe ndiyo itakayofika mwisho. Hupigwa lakiri, na hakuna kuchomoa moja na kupachika nyingine usiku Naivasha. Ikienda, imeenda. Kwa hiyo fundi anayeambiwa "washa, tutaona huko mbele" anaambiwa acheze kamari ambayo hasara yake haina kikomo, ili aokoe kitu ambacho bei yake iko wazi ubaoni.

MAPIGO 100 KWA SEKUNDE

Kwa nini nati moja iue injini nzima? Tazama ilivyo huko ndani. Pistoni ikifika juu kabisa ya silinda, nafasi inayobaki kati yake na silinda hedi ni ndogo mno. Kwenye injini nyingi, sehemu zilizo karibu zaidi zinaachana kwa takriban milimita moja. Nati ya spana namba 10 ina kimo cha milimita 5 hivi. Haitoshei. Lazima kitu kimoja kikubali kuumia.

Na pistoni haigongi mara moja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ambayo ni kasi ya kawaida kwa gari la mashindano, pistoni hufika juu mara 100 kila sekunde. Nati ni ya chuma kigumu, pistoni ni ya aloi ya alumini, laini kiasi. Kabla dereva hajahesabu moja, mbili, tatu, nati imegongwa mara mia tatu kati ya pistoni na silinda hedi. Uso wa pistoni unachimbika, ncha ya plagi inafinyangwa, vali zinapinda na kukataa kufunga.

Balaa haliishii kwenye silinda hiyo. Kipande kikikatika hutoka na moshi kupitia vali ya ekzosi na kukutana na turbo. Magurudumu ya turbo yanaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Chembe ya chuma hapo ni kama jiwe kwenye kioo cha basi. Vipande vingine hurudishwa kwenye manifoldi ya hewa na kuvutwa na silinda jirani. Ndiyo maana injini ya aina hii ikifunguliwa, fundi anaweza kukuta makovu kwenye silinda ambayo nati yenyewe haikuingia.

FUNGA MDOMO WA INJINI, FUNGUA WAKO

Hatua ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Ni kusimama na kusema. "Nimeangusha." Sauti ya kusikika, si ya kunong'ona. Kwenye kambi ya rally kuna watu kadhaa juu ya gari moja: huyu yuko kwenye breki, yule kwenye giaboksi, mwingine anasubiri kupiga stata aangalie kama hitilafu ya umeme imeisha. Ukinyamaza sekunde 20 ukitafuta kimyakimya, mwenzako anaweza kubonyeza kitufe. Hapo hakuna tena cha kuokoa.

Baada ya kusema, betri inatolewa waya, ili hata mtu akijisahau injini isizunguke. Gari halisukumwi likiwa kwenye gia, kwa sababu magurudumu yakizunguka na injini inazunguka. Matundu mengine yote yanafunikwa kwa kitambaa safi au utepe, maana mtu aliyeshtuka na mwenye haraka ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuangusha kitu cha pili.

Kwa Kiswahili cha gereji kuna utani hapa. Ile pete nyembamba inayokaa chini ya nati huitwa washa. Basi mafundi huonya: washa ikiingia, usiwashe.

NI NINI, NA KIKO WAPI?

Kabla ya kuchovya chochote ndani, maswali mawili lazima yapate majibu.

La kwanza: kimeanguka nini hasa? Jibu huwa mezani, kwa sababu mara nyingi kitu hicho kina pacha wake. Nati zilikuwa nne, zimebaki tatu. Chukua moja uijaribu kwa sumaku. Ikinasa, una njia rahisi. Isiponasa, basi ni alumini, shaba nyeupe au aina fulani ya chuma kisichoshika kutu, na sumaku haitakusaidia hata ukeshe nayo. Plastiki, kipande cha kauri ya plagi na uzi wa tambara navyo ni hivyo hivyo. Pacha huyo pia anakuonyesha umbo: je, kitu kinaweza kupita tena pale kilipoingilia? Tundu la plagi kwa kawaida lina upana wa milimita 14, na kwenye injini nyingi mpya ni 12. Nati iliingia yenyewe kwa ubavu. Kutoka lazima ielekezwe.

La pili: kimetulia wapi? Hapa ndipo papara huumiza wengi, kwa sababu kila mahali pana dawa yake.

Kama plagi bado haijafunguliwa, nati imekaa kwenye kisima cha plagi, juu ya plagi yenyewe. Hiyo ni bahati. Itoe kwanza ndipo ufungue plagi. Ukifungua plagi kwanza, umeisukuma mwenyewe ndani.

Kama imeingia manifoldi ya hewa, inaweza kuwa imelala nyuma ya vali iliyofungwa. Hapo injini haiguswi hata nusu mzunguko, kwa sababu vali ikifunguka nati inashuka kwenye silinda. Manifoldi inafunguliwa, kitu kinachukuliwa.

Kama kifuniko cha vali kilikuwa wazi, nati inaweza kuwa imepotelea kati ya kemshafti, au imeteremka na matundu yanayorudisha oili mpaka kwenye sampu. Mbaya zaidi ni ikiwa imeteremkia upande wa cheni ya taimingi. Kitu kigumu kikiingia kati ya cheni na meno yake, cheni inaweza kuruka jino. Kwenye injini nyingi za kisasa hilo linatosha kufanya pistoni na vali zigongane, na nati yenyewe haijafika kwenye silinda.

Na kama imeingia silinda, imelala juu ya pistoni au imebanwa pembeni. Hapo linahitajika jicho.

SUMAKU, GRISI NA SUBIRA

Zamani jicho lilikuwa tochi ndogo na kioo cha mpini, kama cha daktari wa meno. Siku hizi ni kamera nyembamba yenye taa kwenye ncha, inayopita kwenye tundu la plagi na kuonyesha picha kwenye skrini au simu. Timu kubwa zina za bei ghali. Gereji za mtaani zina zile za bei nafuu za kuunganisha na simu. Zote mbili zinajibu swali lile lile: iko wapi na imelalaje.

Kifaa cha kwanza ni sumaku ya fimbo, ile inayorefuka kama eriali ya redio. Ina kasoro moja inayowachosha wengi: ikishuka kwenye tundu la chuma hunasa ukutani kabla ya kufika chini. Dawa yake ni kuipitisha ndani ya kijimrija cha plastiki, au kuizungushia utepe ubavuni, ncha tu ibaki wazi. Mrija unaizuia kung'ang'ania ukuta, sumaku inafika kwenye nati na si kwenye kila kitu kingine. Ukisikia imenasa, unavuta polepole, na mtu wa pili anakinga mdomo wa tundu, maana nati hupenda kuponyoka pale pale mlangoni.

Kwa kisichonasa sumaku, kuna kikucha: waya laini wenye meno matatu au manne kwenye ncha, unaobonyezwa juu ili yafunguke na kuachiwa yafumbate. Kuna pia mbinu ya grisi, ya zamani lakini haijazeeka. Paka tone la grisi nzito kwenye ncha ya fimbo laini ya plastiki, gusisha kitu, subiri, inua. Kwa washa nyepesi ya alumini, grisi hushinda vifaa vya bei mbaya.

Mashine ya kufyonza vumbi nayo hufanya kazi, ikifungwa mrija mwembamba na kuwekwa kitambaa cha wavu kati yake na mashine ili kilichovutwa kionekane. Lakini angalizo: silinda yenye mvuke wa petroli na mashine yenye mota inayotoa cheche ni mwaliko wa moto. Mafuta yakatwe na mvuke uachwe utoke kabla ya kujaribu.

Hewa ya kompresa ndiyo wengi huikimbilia, na ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ni kweli inaweza kurusha kitu nje. Inaweza pia kukirusha kwenye jicho la aliyeinama juu ya tundu, au kukisukuma kwenye vali iliyo wazi, kutoka mahali ulipokuwa unakiona hadi mahali usipokijua. Ikitumika, iwe kwa miwani, kwa mgandamizo mdogo, na baada ya kamera kuonyesha kwamba vali zimefungwa.

Kuna ujanja mwingine unaohitaji mkono mtulivu. Pistoni ikiwa chini, nati iko mbali na tundu. Plagi zote zikiwa nje, fundi huzungusha kranki kwa spana, taratibu, ili pistoni ipande na kuileta nati karibu. Kamera inaangalia muda wote, na mkono unasimama mapema kabla pistoni haijakaribia juu. Spana ikikataa hata kidogo, unarudi nyuma, hulazimishi. Kwa stata jambo hili halifanyiki kabisa, kwa sababu stata haina hisia za mkono.

Kila mbinu ipewe dakika zake. Kwenye kambi ya rally anahitajika mtu mmoja asiyeshika spana, kazi yake ni kuangalia saa na kusema: sumaku imepewa dakika tatu, zimeisha, tuende kwenye kikucha. Bila huyo, watu wanne watainama juu ya tundu moja na dakika 12 zitapita kila mmoja akisema "nipe mimi nijaribu".

IKIKATAA KUTOKA

Ikiwa imeshuka kwenye sampu, mambo si mabaya kama inavyodhaniwa. Kwa gari la kawaida, oili inamwagwa, sumaku inapitishwa kwenye tundu la kumwagia, na ikishindikana sampu inafunguliwa. Pampu ya oili ina chujio mdomoni, kwa hiyo nati iliyotulia chini haimezwi mara moja. Lakini hiyo si ruhusa ya kuiacha. Gari la Safari linaruka, linatua, linapinduka pembe zote. Kitu kilicholala sasa hivi hakitalala kikifika Hell's Gate.

Ikiwa imo kwenye silinda na haitoki kwa njia yoyote, kinachobaki ni kufungua silinda hedi. Kwenye gereji hiyo ni kazi ya siku nzima, na gasketi mpya juu yake. Kwenye muda wa huduma wa rally, kwa injini iliyopigwa lakiri, ni sawa na kusema siku imekwisha. Uamuzi ni mchungu, lakini ni wa kusema wazi mbele ya dereva: tunajiondoa leo na injini nzima, au tunawasha na kujiondoa baada ya kilomita mbili na injini iliyosambaratika. Timu binafsi, ambayo injini yake ndiyo akiba yake ya msimu mzima, ina jibu moja tu la maana.

HAIJATOKA MPAKA IHESABIWE

Nati ikitoka, watu hupiga makofi na kukimbilia kufunga. Bado. Kwanza inawekwa kando ya pacha wake. Je, ni nzima? Ina kona zote? Kama ilikuwa ni washa mbili na imetoka moja, kazi iko nusu. Kamera inarudi ndani mara ya pili kutafuta chembe.

Kisha injini inazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili ya kranki, kwa sababu injini ya mipigo minne inahitaji mizunguko miwili ili kila vali ifunguke na kufunga. Mkono unasikiliza kama kuna kugonga au kukwama. Ikipita salama, betri inaunganishwa na stata kupigwa plagi zikiwa bado nje. Ndipo plagi zinarudi na injini kuwashwa. Dakika mbili tatu za ziada, yaani sekunde 20 au 30 ubaoni.

TANGU ENZI ZA JOGINDER

Mashindano haya yalipoanza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hapakuwa na kambi ya mafundi yenye sakafu safi na taa. Gari lilitengenezwa lilikosimama. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeitwa Simba wa Kenya, alijifunza ufundi kwenye gereji ya baba yake kabla ya kuwa jina kubwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544, kisha Joginder akarudia 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Dereva aliyeijua injini kwa vidole alikuwa na silaha ambayo wengine hawakuwa nayo. Baadaye timu tajiri zilianza kuwafuata madereva kwa helikopta zilizobeba mafundi na vipuri.

Leo helikopta hizo hazipo, na sheria imerudisha sehemu ya mambo ya zamani: kati ya kambi moja na nyingine, wanaoruhusiwa kugusa gari ni dereva na mwelekezi wake tu, kwa vifaa walivyobeba garini. Hivyo ujuzi wa kutoangusha kitu, na wa kukitoa kikianguka, si wa makanika peke yake. Dereva aliyesimama kando ya barabara Elmenteita, glavu zimejaa vumbi, yuko hatarini kuliko fundi mwenye meza na taa.

Na vumbi lenyewe ni kitu kinachoanguka. Lile vumbi laini kama unga linaloitwa fesh-fesh hukaa kwenye visima vya plagi. Ukifungua plagi bila kulipuliza kwanza, umemimina mchanga kwenye silinda. Hewa ya kompresa, niliyoiponda hapo juu, hapa ndiyo mahali pake: kabla ya kufungua, si baada.

WENZETU WA NDEGE WALIVYOONJA

Anayedhani kwamba hili ni la magari madogo na asome ripoti ya wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Australia. Desemba 2023, ndege ya Qantas aina ya Airbus A380 ilikaguliwa injini huko Los Angeles. Kifaa cha nailoni chenye urefu wa mita 1.25, kinachotumika kuzungushia injini wakati wa ukaguzi, kilisahaulika ndani. Ndege ikaruka nacho mara 34, jumla ya saa 294, hadi kilipopatikana Januari 1, 2024.

Ndege haikuanguka. Kilichowashughulisha wachunguzi ni kwamba kulikuwa na utaratibu wa kutafuta kifaa kilichopotea, na haukuanzishwa kabla ndege haijaruhusiwa kuondoka. Kwa maneno ya gereji: pengo lilikuwepo kwenye sanduku la vifaa, lakini halikusimamisha kazi.

Timu nzuri za rally zina tabia hiyo ya watu wa ndege. Kila spana ina kitanda chake chenye umbo lake kwenye droo, pengo linaonekana kwa mbali. Nati zinazofunguliwa huenda kwenye sahani ya sumaku, si juu ya injini. Tundu likifunguliwa hufunikwa papo hapo. Boneti haishushwi kabla vifaa havijahesabiwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji bajeti ya Toyota au Hyundai. Kitambaa safi na sahani vinapatikana Gikomba.

Kinachogharimu ni kingine. Kijana wa miaka 20 aliyeajiriwa juzi, ambaye nati imemponyoka dereva akiwa anaongoza rally, lazima aamini kwamba akisema hatapigwa kelele mbele ya kamera za televisheni. Timu ikimfokea leo, imewafundisha wengine watano waliosimama pale wanyamaze kesho. Mkuu wa mafundi anayejua kazi humwuliza maswali mawili tu, imeanguka wapi na iliyobaki iko wapi, kisha anamtuma mtu akatoe waya wa betri. Lawama zina muda wake, jioni, gari likiwa limeshavuka meza ya waweka saa.